Bibi Yangu Neema

Nilivaa koti ili kupokea simu. Ndivyo nilivyo mjinga. Tulipokimbia vita kutoka Kingi hadi hapa Mubi, picha za ndoa ya mdogo wangu Safari ziliungua na nyumba. Sasa Safari yuko ng'ambo kwa mke wake Neema, na karatasi zake za ukaaji ni za masharti: asipothibitisha kwamba ndoa ni ya kweli, atarudishwa. Ushahidi uliobaki ni mimi.

Mkalimani wa ofisi ya uhamiaji ya huko, mwenye Kiswahili cha pwani, akapiga na kuuliza, "Neema ni nani kwako?"

Kwetu mke wa ndugu yako ni mke wenu, ndiyo heshima. Nikajibu kwa majivuno, kwa Kiswahili cha kwetu, "Neema? Ule njo bibi yangu."

"Bibi, yaani mzaa mama?"

Laiti ningenyamaza. "Hapana, kaka. Bibi wa kuoa. Ngombe za mahari nilitoa mimi mwenyewe, kule kwao Burungu."

"Na Safari?"

"Na yeye njo bwana yake."

Kisha, kutoka chumba kilekile cha mkalimani, nikasikia sauti ninayoijua.

"Shemeji," Neema akasema polepole, "kata simu."