Moto Ndani ya Ndoo ya Vumbi

Vakyumu ya karakana yetu ilitoa moshi ikiwa imezimwa.

Plagi imechomolewa. Karakana tupu, mafundi wote tumeenda kula. Watu wa mtaa wetu wa Kaloleni wakasema lazima kuna mkono wa mtu.

Mkono walioupata ulikuwa wa Muasya.

Mimi ni Ronald, fundi wa fanicha hapa Voi. Muasya ndiye aliyenifunza kazi, hata kutumia ile vakyumu ya kunyonya vumbi na maji. Unaunga mpira wake wa kunyonyea kwenye msumeno wa umeme, kisha unachomeka msumeno kwenye soketi iliyo juu yake. Ukiwasha msumeno, vakyumu nayo inaamka yenyewe.

"Huyu ni ng'ombe," aliniambia. "Chakula chake ni vumbi la mbao. Siku ya kukata chuma, mtoe mpira mdomoni, cheche zianguke chini. Usimlishe moto, bwana mdogo."

Nilicheka sana.

Baadaye Muasya alimwambia tajiri wetu, Phineas, mbele ya wateja, kwamba anauza vitanda vya mbao mbichi. Wakashikana mashati. Akafutwa kazi.

Wiki moja ikapita.

Alhamisi ile, tukirudi kutoka kula, tulimkuta Muasya anatoka mlangoni mbio. Amekumbatia ndoo ya vakyumu, inawaka. Alikuwa amefuata randa yake aliyoiacha.

"Ametuchoma!" Phineas akapiga kelele. "Si nilimfukuza? Amerudi kulipiza!"

"Phineas, moto umeanzia humu nda—"

Ubao wa kwanza ulimpata Muasya mdomoni. Meno yakamwagika. Wa pili ukampata kisogoni. Vijana wa bodaboda wakaja na mawe, hakuna aliyeuliza kitu. Mmoja alimrukia kifuani kwa miguu yote miwili, nikasikia mbavu zikikatika kama kuni kavu.

Akaniona katikati ya miguu ya watu.

"Ronald! Leo umekata nini? Waambie!"

Jibu lilikuwa maneno matatu.

Niliyatazama mawe mikononi mwao, nikayameza maneno yangu.

Muasya alimalizwa kwa jiwe letu wenyewe, lile la kuzuia mlango.

Polisi walipoondoka nilibaki kufagia. Nikapekua majivu ya ile ndoo kwa vidole. Ndani mlikuwa na punje za chuma, ndogo kama mbegu za wimbi.

Mimi nilikata chuma.

Miguu ya meza, saa sita kasorobo. Mteja alikuwa amesimama ananiharakisha, mpira nikauacha kwenye grinda, mashine ya kukatia chuma. Cheche zote zikaingia kwenye vumbi la mbao, zikalala humo, zikaamka sisi tukiwa tunakula.

Nilikaa miezi minne na zile punje, nimezifunga kwenye karatasi.

Leo asubuhi nilizipeleka Miasenyi kwa mama yake Muasya, Mama Katunge, anayeuza vitunguu kando ya barabara kuu. Nikapiga magoti, nikamwambia yote.

Hakulia.

"Mwili wake niliuosha mimi," akasema. "Viganja vyote viwili vilikuwa vimeungua mpaka nyama. Anayewasha moto haukumbatii. Nilijua mwanangu alikuwa anauokoa. Nilikuwa nangoja tu nione nani atakuja."

Kisha akafunika vitunguu vyake kwa gunia.

"Inuka. Twende ukawaambie polisi haya yote, na majina ya waliompiga."

Tumeenda. Naandika haya nikiwa bado nje ya kituo nikingoja kuitwa, mama yuko ndani anaandikisha maelezo.

Fundi mwenzangu, mwaga vumbi la mbao na utoe mpira kabla ya kugusa chuma. Na ukiwa na neno la kumwokoa mtu, liseme kabla ya ubao wa kwanza. Mimi langu nimelisema kwa mama aliyekwisha kuzika.