Muuza Dawa Mwenye Sauti

Muuza dawa wa pale Lurambi ana sauti ya kuitia ng'ombe walio ng'ambo ya mto. Hukata vidonge kwa wembe, taratibu, ulimi ukichungulia, kisha hutangaza ugonjwa wa mteja hadi barabarani. Pascalia alipompa karatasi ya daktari, alinguruma, "Dawa ya presha!" Akina mama kwenye foleni wakampa pole na kumkataza chumvi.

"Sina presha," Pascalia akanong'ona. "Daktari amesema hiyohiyo hutuliza wasiwasi. Mimi naogopanga watu."

Wembe ukasimama. Muuza dawa akainama hadi sikioni mwake. "Inasaidia, mama. Hata mimi nakunywanga nusu kila asubuhi kabla sijafungua mlango."

Kisha akajinyoosha, akapokea karatasi ya mama aliyefuata. "Minyoo!"