Mvua Juu ya Mama

Juzi, kwenye nyumba ya wageni Matema, nilifungua kitabu cha picha kilichoshonwa kwa mkono nikamkuta mama yangu amechuchumaa na chungu chake, mvua ikimnyeshea. Mvua ile niliileta mimi.

Nilikuwa mtoto. Karakana ya mchoraji wa picha ile ilinuka wino na tindikali. Watu walikuwa wakishona vitabu, na mashine ya kuchapia ikikoroma. Mama, mfinyanzi wa Lyulilo, alikuwa amechuchumaa tangu asubuhi ili mchoraji amchore kwa sindano kwenye bamba la shaba. Alipomaliza, mchoraji alitazama sakafu.

"Haya, toka nje. Miguu yako ya udongo inanichafulia karatasi."

"Ndaga, baba," mama alimshukuru, akabeba chungu chake.

Shukrani ile ndiyo iliyonichoma. Nilibaki nyuma, na mchoraji alipogeukia mashine nikaokota msumari na kulikwaruza lile bamba kutoka juu hadi chini, nikiamini nimemkomoa.

Sikujua kwamba wino hukaa kwenye mikwaruzo na kutoka karatasini kama mistari. Karatasi ya kwanza ilipotoka mashineni, nilikuwa nachungulia dirishani. Mchoraji alipiga makofi: "Sijui nani kaniletea mvua, lakini hii haifutwi!"

Sasa najua kwamba picha ya shaba haiuawi kwa kukwaruzwa. Husuguliwa mpaka bamba liwe laini. Na mchana ule, mfukoni mwa gauni langu, lilikuwemo jiwe la mama la kusugulia vyungu.

Nilimuuliza mhudumu wa nyumba ya wageni kama mchoraji bado yupo. Alisema yupo palepale, na mabamba yake yote kayatunza.

Jiwe ninalo.