Klaudia Ajiandikisha Kichaa

Klaudia anauza ndizi mbivu bandarini Kemondo, na mdomo wake haujawahi kupata likizo. Binti yake Joanitha, miaka kumi na miwili, alikuwa vivyo hivyo, mpaka radi ilipopiga shuleni kwao mwezi wa tatu ikaondoka na rafiki yake. Tangu siku hiyo hakusema neno, si nyumbani, si shuleni.

Zahanati wakampa dawa ya minyoo. Kituo cha afya wakamchungulia masikio, wakayasifu. Shemeji Ishengoma, kwa kuwa mtoto alimpigia magoti bila kumwamkia, akatoa tiba bila kuulizwa: fimbo. Klaudia akamjibu kwamba kama fimbo ingeleta akili, yeye shemeji angekuwa profesa, maana marehemu baba yake alimpa dozi kamili.

Mjini Bukoba muuguzi akamweleza kwa upole. Daktari wa akili huja mara moja kwa mwezi, naye huona watu wazima. Watoto waende Mwanza. Klaudia akafikiria meli, nauli, na pa kulala asipopajua. Kisha akauliza mtu mzima anatakiwa awe na nini. Akaambiwa ugonjwa, na msindikizaji.

Mwezi uliofuata akaingia kliniki amegeuza gauni ndani nje, kikapu kichwani kama kofia, anauamkia mzani kwa Kihaya na kuuuliza habari za shamba. Joanitha alifuata nyuma na kadi, uso ameuinamisha.

Wagonjwa wenyewe walikuwa wametulia kwa adabu kama watu walio kanisani. Mzee mmoja akamsogezea nafasi kwenye benchi.

"Pole, mwanangu," akamwambia. "Mimi nilianza hivyo hivyo."

Klaudia akavua kikapu. Hakuupa mzani neno tena.

Zamu yake ilipofika, daktari Avit akamuuliza anaumwa nini.

"Sisemi, daktari. Tangu radi ya mwezi wa tatu sijatoa neno. Usiku nashtuka, chakula sili, mvua ikinyesha naingia chini ya kitanda."

"Mama, tangu uingie hujanyamaza."

"Ndiyo maana nimekuja na msindikizaji. Yeye anaujua ugonjwa wangu kuliko mimi. Muulize."

Daktari akamtazama mama, akamtazama mtoto, akaweka kalamu mezani. Kisha akaisukuma, pamoja na karatasi, mbele ya Joanitha, na kumwomba aeleze mama yake anaumwa nini. Mtoto akaishika kalamu. Halafu akaandika: Mama hana kichaa. Ni mimi naogopa.

Daktari alisoma mara mbili. Akaandika tarehe kwenye kadi yenye jina la Klaudia.

"Mgonjwa arudi mwezi ujao," akasema. "Akichelewa nitamvumilia. Msindikizaji asikose."

Kufika Jumamosi, Kemondo nzima ilishajua kwamba Klaudia anahudhuria kliniki ya vichaa. Ishengoma akaja kumpa pole, akasimama mbali kidogo, akamwuliza haoni aibu jina lake kuandikwa kule.

"Afadhali liandikwe langu, shemeji," Klaudia akasema. "Mimi nimeshaolewa."