Mkeka wa Nyumba Yao

Leo sokoni Kabati nimenusa mkeka wenye harufu ya moshi na maziwa, na uchungu wa gome la mgunga ukanijia mdomoni.

Utotoni, wafugaji wa ngamia walipiga kambi karibu na shamba letu. Mama wa rafiki yangu alikuwa akifuma mkeka wa kuezekea nyumba yao. Nilimsaidia kutafuna magome yawe nyuzi, hadi taya zikauma, maana nilidhani nyumba ikikamilika rafiki yangu atakaa.

"Huyu mtoto ni mbuzi!" mama yake alicheka.

Mkeka ulipoisha, aliufunga juu ya ngamia.

"Na nyumba?" niliuliza.

"Si ndiyo hii?" rafiki yangu alisema, akiupigapiga. "Sasa tunaweza kuhama."

Nilikuwa bado na gome mdomoni. Sikujua niteme au niendelee kutafuna.