Baba Yangu Anadhani Alishangiliwa

Admin, jina langu liweke kando, lakini maneno yangu usiyalainishe. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na saba, mama wa watoto watatu, naishi Rusumo, wilaya ya Ngara. Nina kibanda cha chakula wanapokula madereva wa malori wakisubiri karatasi za mizigo, na nina mziki wa kukodisha: spika nne, mixer na jenereta. Hakuna aliyenipa hata waya. Mume wangu, kwao Nyabusozi, Biharamulo, nilimkuta ni MC. Nikamwajiri kwanza, kunioa kukafuata. Naomba mpangilio huo mkae nao.

Yalianzia kibandani kwangu. Madereva walikuwa wanabishana nani mtumbuizaji mkali kuliko wote, wa zamani au wa sasa. Mmoja mnene aling'ang'ania waimbaji wa bendi za dansi: "Wale walipiga mpaka kunakucha, na midomo yao wenyewe!" Mwenzake akamjibu, "Waite leo uone kama watajaza hata choo." Baba yangu, mzee wa miaka sabini na sita, alikuwa pembeni anakula ndizi na maharage. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Anaona mwanga na vivuli, sura za watu hazioni tena. Mume wangu akamchokoza, "Baba mkwe, na wewe toa kura yako."

Baba akameza kwanza. "Hao wote, wa zamani na wa sasa, wanamwimba mwanamke mmoja huyo huyo. Mimi niliimba ng'ombe arobaini, kila mmoja na jina lake, na hakuna niliyemrudia."

Watu walicheka mpaka chai ikamwagika. Kilikuwa kicheko kizuri, hata mimi nilicheka. Ila nilimwona mume wangu anawaza.

Kwa wasiotoka huku: zamani kwetu, ng'ombe wa mahari akikabidhiwa, kulikuwa na mtu wa kumsifu, pembe zake, mwendo wake, mpaka mama aliyemzaa. Msifuji akiwakuna mioyo, watu hawapigi makofi. Wananyoosha mikono yote miwili juu, imepinda kama pembe. Baba alikuwa anaitwa mpaka ng'ambo, Burundi, kwa kazi hiyo. Mume wangu mambo haya hayajui na hajawahi kuuliza.

Mwezi uliopita tulipata harusi Ngara mjini. Katikati ya sherehe mume wangu akatangaza shindano: Mkali wa Vizazi Vyote. Upande mmoja kijana mwenye nywele za njano, anayefungua mdomo wimbo ukijiimba wenyewe. Upande wa pili baba yangu, ndani ya koti alilofungia ndoa kanisani. Mimi nilikuwa kwenye mixer nikidhani mzee anaenda kupewa heshima.

Baba akaanza. Sauti imekauka, pumzi fupi, na Kihangaza chake ni kile cha zamani ambacho nusu ya ukumbi hawakielewi. Aliposimama kuvuta pumzi, mume wangu akalia kwenye maiki yake: "Mbuuuu!" Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Watu wakasimama, simu juu, wanarekodi. Jamaa mmoja wa kamati akatoka nje, akang'oa majani, akaja kumwekea baba mkononi. Baba akayapokea kwa mikono miwili. Akasema asante. Nikazima spika. Mume wangu akaja akaziwasha, huku anatabasamu kwa wageni.

Njiani tukirudi, baba hakuwa na huzuni, nami sikuelewa. Mwisho akanishika mkono. "Uliona zile pembe, mwanangu? Ukumbi mzima. Hata nilipokuwa kijana sikuwahi kunyooshewa mikono mingi vile."

Zilikuwa simu.

"Na kile kicheko?" akauliza. Kabla sijajibu, mume wangu akadakia kutoka kiti cha mbele: "Vijana wa leo ndivyo wanavyoshangilia, baba mkwe. Umewaua. Yule mtoto umemzika."

Video imesambaa, na watu wanapiga simu wakimtaka "mzee wa ng'ombe". Nimekaa na mume wangu, nikamwambia amweleze baba ukweli na amwombe radhi.

"Nimwombe radhi kwa kumfurahisha? Baba yako alikuwa anasubiri kufa kwenye kiti. Sasa hivi anaoga asubuhi na anafanya mazoezi."

"Wanamcheka!"

"Yeye anajua? Basi anayeumia ni wewe. Mwambie wewe, mama watoto. Ila akifa kwa uchungu usije ukasema nimemuua mimi."

Hapo ndipo aliponibana, maana hasemi uongo. Baba amenenepa. Anaimba akinyolewa ndevu. Akinisikia napita ananiuliza, "Siku ile walinyoosha wote?" na mimi, ninayewakata kauli madereva wa nchi tatu, namjibu, "Wote, baba."

Jumamosi hii baba anapandishwa tena jukwaani, Kabanga. Nikificha spika, mume wangu atakodi za mtu mwingine. Nikimpeleka mzee kwa dada yangu, atauliza jukwaa liko wapi. Na kibaya zaidi, jana baba amewaalika wazee wanne wa jumuiya yake, waliokuwa wakimnyooshea mikono ujanani. Hao macho yao ni mazima. Watakaa mstari wa mbele, wataona, na mmoja atamwambia baba kwa lugha yake, mbele za watu.

Najua wengi wenu video mmeishaiona, na mmeweka vikatuni vya kucheka. Nilisoma maoni yenu moja moja. Pole zenu sizihitaji. Nipeni jibu: nimwambie baba mwenyewe kabla ya Jumamosi, au nimvalishe koti nimpeleke? Mliocheka, anzeni nyie.