Vidonge vya Kaka Deo na Mpunga wa Mama

Kabla ya ugonjwa wa kukosa usingizi nilikuwa mtu wa kulala fofofo. Mama alisema hata nyumba ikiungua nitatolewa na godoro langu. Kisha nikarudi kijijini kwetu Idete na shahada, miaka ile ya tisini, serikali ikiwa haiajiri tena kama zamani. Kila nikijilaza maswali yanaanza. Barua yangu ya maombi ilikuwa na kosa? Wameicheka? Nisipolala leo, kesho nitaweza kufikiri? Hilo la mwisho ndilo lililonimaliza. Macho yaliwaka kama yamepakwa pilipili, moyo ukadunda masikioni.

Nikaenda Ifakara, kwenye duka la dawa la Kaka Deo, Kibaoni.

"Msomi, vitabu vimekula usingizi?" alisema, wateja wakacheka. "Meza kidonge kimoja. Kikigoma, meza viwili."

Kiligoma, nikameza viwili. Nikarudi kumuuliza nitameza hadi lini.

"Unalala, hulali?"

"Nalala."

"Sasa unalalamika nini?"

Mpunga ulipoanza kukomaa tukahamia shambani, kama wote wa bondeni. Kazi yangu ilikuwa kuamia ndege: kukaa juu ya dungu, lile jukwaa la miti, kupiga debe na kurusha udongo kwa kombeo tangu alfajiri. Siku moja Mama alikwenda msibani Sanje, akaniachia shamba. Dawa ilikuwa bado kichwani. Ulimi mzito. Nikaegemea nguzo, nikalala jua likinipiga usoni.

Kwelea wakashuka kundi zima, wakala mpunga.

"We kijana, umekufa huko juu?" Alikuwa jirani yetu Msukuma, akipita na ng'ombe wake. Nilikurupuka, nikaanguka, mfupa wa bega ukavunjika.

Mama aliporudi alishika mashuke matupu. "Mwanangu, hiki kilikuwa chakula chetu cha mwaka."

Hospitalini daktari aliniuliza, "Nani alikuandikia vidonge hivi?"

"Hakuna."

"Hukuambiwa usivitumie muda mrefu?"

"Niliambiwa niongeze."

Akavua miwani. "Usiache ghafla, utapata degedege. Tutapunguza kidogo kidogo."

Nililoa jasho, niliota ndoto mbaya, nililia kama mtoto. Daktari akasisitiza: amka saa ileile hata kama hukulala, usilale mchana, acha chai ya rangi jioni, usingizi usipokuja, toka kitandani, usibishane nao. Kiangazi kilipokwisha nililala bila kidonge.

Ndipo nikapata nguvu za kumrudia Kaka Deo. Nakaa kwenye benchi mbele ya duka lake. Akija mtu kutafuta vidonge vya usingizi, namwamkia, namwonyesha bega langu lililopinda, namsimulia yote. Wengi hugeuka na kuondoka.

"Mdogo wangu, yaliyopita si ndwele," aliniambia juzi. "Unaniharibia biashara."

"Mama yangu alinunua mchele mwaka mzima, katikati ya bonde la mpunga."

"Basi nisamehe."

"Bado."

Namshukuru Mungu, daktari, na Mama, ambaye yeye ameshasamehe. Ninyi mnaokesha, msikate tamaa, usingizi hurudi. Vidonge vina kazi yake, lakini viandikwe na daktari, na awaambie mtaviacha lini. Wala msimchukie Kaka Deo. Kazi hiyo naifanya mimi, na tangu niianze nalala vizuri sana.